gsettings au dconf: ipi ya kutunzia mipangilio ya kompyuta za Ubuntu hapa Lamu?

Kompyuta moja ya Ubuntu huiweka sawa kwa kipanya tu. Unafungua Settings, unakuza maandishi, unabadilisha picha ya nyuma, basi. Lakini anayetunza saiba pale Langoni, au maabara ya shule iliyo ng'ambo ya Pate ambayo huifikii ila kwa boti, hana nafasi hiyo. Mashine ni nyingi na wanaozigusa ni wengi. Kila jioni unakuta mmoja ameweka picha ya timu yake, mwingine amezima kufunga skrini, mwingine amegeuza kibodi. Huyo mtunzaji ndiye ninayemwandikia, kwa sababu kwake terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, ndiyo njia ya kumaliza kazi kabla ya magharibi.

Akifika hapo anakutana na majina mawili ya amri: gsettings na dconf. Miongozo mingi huyatumia leo hili kesho lile, kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja, na usipoijua tofauti yake utapoteza muda mwingi kutafuta kosa ambalo mashine haikukuonyesha. Msimamo wangu nauweka mapema: ukibadilisha ufunguo (yaani mpangilio) mmoja mmoja, tumia gsettings, hata kama jina lake ni refu na linachosha. dconf iache kwa kazi zake, nazo ni kuhamisha mipangilio kwa jumla, kuifunga isiguswe, na kuchungulia nini kimebadilika.

Ghala na karani wake

Desktopu ya GNOME, ambayo ndiyo huja na Ubuntu ya kawaida, huweka mipangilio ya kila mtumiaji ndani ya faili moja: `~/.config/dconf/user`. Si faili la maandishi. Ukilifungua kwa nano, kihariri cha maandishi, utaona vurugu. Hilo ndilo ghala, na amri ya dconf hukuingiza ndani moja kwa moja. gsettings ni karani aliyekaa mlangoni na daftari. Daftari hilo huitwa skima, na limeandikwa kila ufunguo, aina ya thamani inayokubalika, mpaka wake wa chini na wa juu, na chaguo-msingi lake. Programu zenyewe husoma mipangilio kwa kupitia daftari hilo hilo. Kwa hivyo ukimruka karani ukaingiza kitu ambacho daftari halikitambui, ghala litakipokea, ila programu zitakipita kana kwamba hakipo.

Tuchukue mfano wa kila siku. Mzee mmoja huja kusoma barua pepe za watoto wake walio Ulaya. Akikaa tu: "Mwanangu, herufi hizi sizioni vyema." "Ngoja babu, nakukuzia." Amri ni hizi, ya kwanza kwa gsettings, ya pili kwa dconf:

```
gsettings set org.gnome.desktop.interface text-scaling-factor 1.25
dconf write /org/gnome/desktop/interface/text-scaling-factor 1.25
```

Matokeo ni yale yale: maandishi yanakua papo hapo, bila kutoka wala kuingia upya. Tofauti unayoiona ni nukta upande mmoja na mikwaju upande wa pili, basi utasema hakuna haja ya kubishana. Sasa jaribu kuandika 5.0 badala ya 1.25.

gsettings inakataa. Inakwambia `The provided value is outside of the valid range`, na maandishi yanabaki yalivyokuwa. Ukitaka kujua mipaka, muulize karani mwenyewe kwa `gsettings range org.gnome.desktop.interface text-scaling-factor`, atakujibu kwamba ni kuanzia 0.5 hadi 3.0. dconf kwa upande wake hainung'uniki. Inaandika 5.0, na ukiisoma tena inakurudishia hiyo hiyo 5.0. Lakini programu zikija kusoma zinaona thamani imevuka mpaka, zinaitupa na kurudi kwenye chaguo-msingi. Babu yako aliyekuwa na 1.25 sasa amerudi kwenye herufi ndogo, na wewe ukikagua kwa dconf unaambiwa kila kitu kimo.

Huo bado ni mfano mwepesi, kwa sababu hakuna anayeandika 5.0 kwa kawaida. Ulio mzito ni huu. Unataka skrini ikae dakika 15 kabla ya kuzimika, yaani sekunde 900, ili mteja anayejaza fomu ndefu asikatizwe:

```
gsettings set org.gnome.desktop.session idle-delay 900
dconf write /org/gnome/desktop/session/idle-delay 900
```

Ya kwanza inafanya kazi. Ya pili haifanyi, na haisemi. Ufunguo huu unataka namba ya aina inayoitwa `uint32`, yaani isiyoweza kuwa hasi. gsettings inaijua aina hiyo kutoka kwenye skima, inakubadilishia kimya kimya. dconf haijui chochote kuhusu skima. Inaona 900, inaihifadhi kama namba ya kawaida. Ukiuliza `dconf read` unapata 900. Ukiuliza `gsettings get` unapata `uint32 300`, chaguo-msingi lile lile la dakika tano. Amri mbili zinatazama sehemu moja na kutoa majibu mawili, na anayekwenda na dconf peke yake ataanza kuilaumu skrini, au kadi ya michoro, au Ubuntu yenyewe. Dawa ni kuandika `dconf write /org/gnome/desktop/session/idle-delay "uint32 900"`. Inaandikika, ila ni lazima uikumbuke kwa kila ufunguo wa aina hiyo, na sioni kwa nini mtu ajitwishe mzigo huo.

Maneno nayo yana shida yake. Saa ya juu ya skrini ukitaka ionyeshe 12 badala ya 24, kwa gsettings unaandika `12h` hivi hivi. Kwa dconf ni lazima alama za nukuu za aina mbili, moja ndani ya nyingine, `"'12h'"`, kwa sababu nukuu za nje zinaliwa na terminali na za ndani ndizo zinazofika ghalani. (Wanaoniuliza kama kuna njia ya kuifanya saa saba mchana isomeke saba: ufunguo huu unakubali `12h` na `24h` tu.)

Na ukikosea herufi za ufunguo, ukaandika `text-scalling-factor` kwa l mbili, gsettings inakwambia ufunguo huo haupo. dconf inauunda. Takataka hiyo itabaki ghalani mpaka siku utakayoisafisha, na utaihamisha pamoja na mengine kila ukinakili.

Pale gsettings inapokwaza

Sitaki msomaji adhani gsettings haina lawama. Majina yake ni marefu mno. Dawa ni kubonyeza Tab, majina yanajikamilisha. Usipolijua jina kabisa, `gsettings list-recursively | grep -i scaling` itakutolea kila linalofanana.

La pili linawapata wengi, nalo ni sudo, neno la kuendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine. Fundi amezoea kwamba kila amri ya maana huanza na sudo, basi anaandika `sudo gsettings set ...`, na haoni badiliko. Sababu ni kwamba mipangilio hii ni ya mtumiaji, si ya mashine. Ukiweka sudo umeingia kwenye mipangilio ya root, yaani msimamizi mkuu, ambaye hakai mbele ya skrini kamwe. Kubadilisha ya mtumiaji mwingine ambaye hajaingia, tuseme akaunti inaitwa mteja, fanya hivi:

```
sudo -H -u mteja dbus-run-session gsettings set org.gnome.desktop.session idle-delay 900
```

Kipande cha `dbus-run-session` kimo kwa sababu kuandika hupitia D-Bus, njia ambayo programu hupashana habari. Kusoma hakuihitaji, kwa kuwa faili husomwa moja kwa moja. Hii pia ndiyo sababu amri inayofanya kazi vizuri mkononi hugoma ukiiweka kwenye cron, ratiba ya kuendesha amri kwa wakati wake: cron haijui anwani ya D-Bus ya yule aliyeingia, mpaka uiambie kwa `DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS=unix:path=/run/user/1000/bus`, ukibadilisha 1000 iwe namba ya mtumiaji wako. dconf write nayo ina shida hii hii, basi hapa hakuna mshindi.

La tatu ni orodha. Ustadh wa madrasa anapotaka kuandika Kiarabu, au Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika wazee wa hapa, unamwongezea kibodi:

```
gsettings set org.gnome.desktop.input-sources sources "[('xkb','us'),('xkb','ara')]"
```

Baada ya hapo ufunguo wa Super pamoja na Space humgeuzia kutoka moja hadi nyingine. Lakini angalia: amri hii haiongezi, inafuta orodha nzima na kuandika upya. Ukiandika `ara` peke yake umemwondolea kibodi ya Kiingereza. Soma kwanza kilichopo kwa `get`, kisha andika orodha kamili. Hapa karani hakusaidii, kwa sababu orodha fupi nayo ni halali.

Kazi ambazo ni za dconf

Sasa upande wa pili, nao una nguvu ambazo gsettings haina kabisa.

Kuhamisha kwa jumla. Umeitengeneza mashine moja mpaka umeridhika, unataka nyingine zifanane nayo:

```
dconf dump /org/gnome/ > mipangilio.ini
dconf load /org/gnome/ < mipangilio.ini
```

Ya kwanza kwenye mashine iliyo tayari, ya pili kwenye ile ngeni, faili likiwa kwenye flashi. Hakuna intaneti inayotumika, na kwa shule iliyo ng'ambo hilo ni jambo kubwa. Uzuri wa dump ni kwamba inatoa yale tu yaliyowekwa, si machaguo-msingi mamia yaliyojaa kwenye `gsettings list-recursively`. Kwa hivyo faili ni fupi na linasomeka: ni maandishi, unaweza kulifungua, ukafuta mistari isiyofaa kuhamishwa, kama vile ukubwa wa madirisha au njia za mafaili ya mtumiaji wa kwanza. Nasisitiza ufanye hivyo kabla ya load. Kinachoingizwa kwa load hakikaguliwi na skima, lakini kwa kuwa kimetoka kwenye mashine inayofanya kazi vizuri, aina zake huwa sahihi tayari. Neno `uint32` utaliona limeandikwa humo wazi.

Faili hilo liweke pia kama akiba. Stima hukatika wakati wowote, diski za mitumba hufa bila taarifa, na ghala lenyewe huwezi kulirekebisha kwa mkono likiharibika. Ukiwa na dump kwenye flashi umerudi kazini mara moja.

Kuchungulia. Hii ndiyo amri ninayoipenda kuliko zote za dconf:

```
dconf watch /
```

Unaiacha inakimbia, unafungua Settings, unabofya kile unachotaka kujua jina lake. Papo hapo terminali inakuandikia njia ya ufunguo na thamani mpya. Hapo unalichukua jina, unageuza mikwaju kuwa nukta, na unaandika amri yako ya gsettings. gsettings ina `monitor`, ila inataka uitajie skima kwanza, na mara nyingi skima ndiyo usiyoijua.

Kufunga. Hapa ndipo penye faida kubwa kwa anayetunza mashine za watu wengi, na ndiyo kazi ninayoona haitumiwi inavyostahili. Kwanza unaunda faili `/etc/dconf/profile/user`, kama halipo, lenye mistari miwili:

```
user-db:user
system-db:local
```

Maana yake: soma kwanza ghala la mtumiaji, kisha la mashine. La mashine unaliandika kwa maandishi ya kawaida, mathalani `/etc/dconf/db/local.d/00-saiba`:

```
[org/gnome/desktop/background]
picture-uri='file:///usr/share/backgrounds/saiba.jpg'
picture-uri-dark='file:///usr/share/backgrounds/saiba.jpg'

[org/gnome/desktop/session]
idle-delay=uint32 900
```

Mstari wa `picture-uri-dark` usiusahau. Tangu GNOME 42 ya mwaka 2022, iliyomo ndani ya Ubuntu 22.04, mwenye mandhari meusi anaonyeshwa picha yake ya pili, na ukifunga moja tu umefunga nusu ya mlango.

Mpaka hapa haya ni mapendekezo, mtumiaji bado anaweza kuyabadilisha. Ya kuyafunga unayaorodhesha ndani ya faili jingine, `/etc/dconf/db/local.d/locks/saiba`, njia moja kila mstari:

```
/org/gnome/desktop/background/picture-uri
/org/gnome/desktop/background/picture-uri-dark
/org/gnome/desktop/session/idle-delay
```

Kisha `sudo dconf update`, na kila mtumiaji atoke na kuingia tena. Kuanzia hapo anayejaribu kubadilisha picha kwa gsettings anaambiwa `The key is not writable`. Hapa sudo ni ya lazima, kwa sababu sasa unagusa mipangilio ya mashine.

Mambo mawili ya kuangalia. Profaili hiyo inamhusu kila mtu kwenye mashine, pamoja na akaunti yako wewe fundi; usifunge kitu ambacho utakihitaji kesho. Na kufuli hili linamzuia mtumiaji wa kawaida. Mjuzi mwenye terminali anaweza kuielekeza dconf kwenye profaili nyingine kwa `DCONF_PROFILE`, basi usilitegemee kwa jambo la usalama wa kweli. Kwa picha za timu na skrini zinazozimika ovyo, linatosha kabisa.

Sina budi kutaja hatari moja kabla ya kuondoka hapa. `dconf reset -f /` husafisha mipangilio yote ya mtumiaji bila kuuliza swali hata moja. Ukitaka kurudisha sehemu moja tu, `gsettings reset-recursively org.gnome.desktop.interface` ni salama zaidi, kwa kuwa haitoki nje ya skima uliyoitaja. Na kabla ya kufuta chochote, dump kwanza.

Asiyetaka terminali

Kuna dconf Editor, inapatikana kwa `sudo apt install dconf-editor`. Inaonyesha funguo zote kama folda, na kwa kila mmoja inakueleza kazi yake, aina yake na chaguo-msingi lake. Kwa kujifunzia sijaona bora kuliko hiyo, na mwalimu wa kompyuta anayetaka kuwaonyesha wanafunzi mipangilio inavyopangwa angeanza nayo. Kwa mashine kumi haifai, umerudi kubofya moja moja. Kama amri ya dconf yenyewe haipo kwenye mashine yako, pakiti yake ni `dconf-cli`. gsettings huikosi, imo pamoja na GNOME.

Kompyuta kuukuu na miongozo mikuukuu

Ukikuta mwongozo unataja `gconftool-2`, uruke. Hiyo ilikuwa amri ya GConf, mfumo wa zama za GNOME 2 uliohifadhi mipangilio kwenye mafaili ya XML. GNOME 3 ilipotoka mwaka 2011 ilihamia dconf. Amri hiyo ikiwa bado imo kwenye mashine itakubali ulichoandika na kukihifadhi mahali ambapo desktopu ya leo haisomi.

Desktopu za MATE na Cinnamon zinatumia ghala hili hili la dconf, ila skima zao huanza na `org.mate` na `org.cinnamon`, basi yote niliyoyasema yanawahusu.

Xfce, desktopu nyepesi, ni jambo jingine. Mashine yenye RAM ya GB 2 huitii GNOME, unaitia Xubuntu, yaani Ubuntu yenye Xfce, na hapo gsettings haitakugeuzia paneli wala madirisha. Amri yake ni `xfconf-query`. `xfconf-query -l` inakuorodheshea idhaa, yaani mafungu ya mipangilio, na `xfconf-query -c xfwm4 -l -v` inakuonyesha kila kitu cha madirisha na thamani yake. Unabadilisha kwa `-p` na `-s`, na kama ufunguo haujawahi kuwekwa unaongeza `-n` na aina yake:

```
xfconf-query -c xsettings -p /Xft/DPI -n -t int -s 115
```

Hiyo ndiyo ya kumkuzia babu maandishi kwenye Xfce. Mafaili yake ni XML ndani ya `~/.config/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml/`, yanasomeka na yananakilika kwa flashi bila amri maalumu. Ila usiyahariri wala kuyabandika mtumiaji akiwa ndani: `xfconfd`, programu inayotunza mipangilio ya Xfce, huwa imeshayashika kwenye kumbukumbu, na inaweza kuandika ya zamani juu ya mapya yako. Mtoe kwanza, nakili kutoka akaunti nyingine, kisha mwache aingie.